Jina Lililoachwa Kizingitini

Tabita alikuwa amekaa sebuleni kwake, ungo mapajani, anachambua maharage ya kutoka Mbebe, watu wawili walipoingia na godoro la futi sita kwa sita. "Odini, bamayo," akasema wa mbele, yaani hodi, mama, kwa Kibemba cha ng'ambo, akiinamisha kichwa tu kwa sababu godoro lilimzuia kuinamisha mwili. Tabita akamwambia karibuni, akavuta miguu. Wakapita katikati ya makochi, wakaizunguka meza yenye kitambaa cha kufuma, wakatokea mlango wa nyuma. Nyumba yake ilikuwa katika ule mtaa wa Tunduma ambao milango ya mbele iko Tanzania na ya nyuma inatazama Nakonde, Zambia, na kuku wa mtaani hawajui wao ni wa nchi gani. Baada yao wakaja wengine na godoro jingine. Asubuhi hiyo yalipita magodoro tu. Jana yake zilikuwa jenereta, na jenereta huacha matone ya oili sakafuni.

Mlango wa mbele ulikuwa haufungiki, ingawa haukuwa umevunjika. Fundi Anania, ambaye ndiye aliyeuchonga kwa mninga, aliubandua, akaulaza uani, akaupima, akaona haujapinda wala kupasuka. Alibadilisha bawaba, akabadilisha kitasa, akaurudisha mahali pake. Ukafunguka. Akausukuma kwa bega, nao ukarudi taratibu mpaka ukutani, kama ng'ombe anayejua zizi lake. Anania akafuta mikono, akamwambia Tabita kwamba mbao haina kosa na kitasa hakina kosa, na kwamba angekuwa yeye angejiuliza nywila ya akaunti yake ya kodi iko kwa nani. Alisema hivyo kwa sauti ileile anayotumia kusema misumari imeisha. Mtaani hapo alikuwa ameshabandua milango mingine ya namna hiyo, yote ya wanawake wafanyabiashara, na siku hizi alikuwa akienda zaidi kwa ajili ya kuwapa pole.

Tabita hakuwa na haja ya kujiuliza. Nywila ilikuwa kwa Sebastian.

Sebastian alikuwa na steshenari pembeni ya soko la maharage. Alitoa kopi, alipiga picha za pasipoti, alibandika vyeti plastiki, na karatasi zote za soko zilipita mikononi mwake. Ilipotangazwa kwamba mambo ya kodi sasa ni ya mtandaoni, wanawake walipanga foleni kwake kama wanavyopanga kwenye mashine ya kusaga. Alikuwa mtu wa Ileje kama Tabita, shati limepigwa pasi, shikamoo iko mdomoni kabla hujafika mlangoni. Alimfungulia akaunti, akamtungia nywila, akaweka namba yake mwenyewe ya simu, kwa maelezo kwamba ile namba fupi ya kuthibitisha inakuja na kuisha upesi, na mama atakuwa ameshika ungo, hataiona. Kisha mashine ikataka swali la kumtambua mwenye akaunti siku akipotewa na nywila. Sebastian akachagua: baba mzazi wa mume wako anaitwa nani?

Hakumwuliza Tabita. "Hili usihangaike nalo, mama," akasema. "Mimi nalijua. Nitaliandika mwenyewe." Akaandika huku ameukinga mkono mbele ya kibodi, na Tabita akashukuru kutoka moyoni, akafika nyumbani akimsifu kijana aliyelelewa.

Alikuwa na sababu ya kushukuru. Kwao, mke halitaji jina la baba mkwe. Halitamki, haliandiki, na mwenye jina hamtazami usoni. Akimwona njiani anakwenda kando ya njia, anageukia migomba, anangoja apite. Siku hizi wapo wanaosema hayo ni mambo ya zamani, na wanaosema hivyo wanafanya wapendavyo. Tabita aliyashika tangu siku aliyoingia Ibaba, kijijini kwa mumewe, akiwa bibi harusi mwenye aibu mpaka sasa akiwa mjane mwenye mvi, na hakuwa akiyashika kwa kuogopa.

Ukweli ni kwamba alikuwa na mambo mawili ya kujivunia, na hakuona haya kujivunia. La kwanza lilikuwa magunia yake. Aliyashona mdomo kwa uzi mwekundu, na wanunuzi wa kutoka Lusaka wakiuona uzi huo hawakufungua gunia kutazama kama kuna mawe, walipakia tu. La pili lilikuwa jina hilo ambalo hakuwahi kulitaja. Mumewe Emanueli alipofariki, pale hospitalini waliuliza majina kamili ya marehemu. Tabita akasema Emanueli, akanyamaza. Muuguzi akangoja, kalamu juu. Machozi yalikuwa yakimtoka, lakini mdomo ulibaki umefungwa, mpaka shemeji yake Osea alipoingia kutoka getini na kumalizia jina. Habari hiyo ilifika Ibaba kabla ya maiti. Wanasema baba mkwe alipoisikia aliomba maji ya kunywa, akakaa na kikombe mkononi bila kunywa.

Basi, akaunti ikawa ya Sebastian kwa matumizi na ya Tabita kwa jina. Sebastian akaanza kuiazimisha kwa watu wenye mizigo mikubwa ambao hawakupenda mizigo hiyo ijulikane kuwa ni yao. Na kila mzigo uliopitishwa kwenye akaunti ya Tabita ulilazimika kupita kwenye nyumba ya Tabita, mingine ikitoka, mingine ikiingia. Walioeleza jambo hilo ni wabebaji wenyewe, maana hawakuwa na la kuficha. "Umeandikwa jina lako, bamayo," akasema mmoja wao siku ya kwanza, kreti za oili kichwani. "Sasa tupite wapi?"

Tabita aliwapa chai. Alilelewa kwamba apigaye hodi ni mgeni, na mgeni hapiti katikati ya nyumba ya mtu na koo kavu. Wabebaji waliipenda chai yake ya rangi yenye tangawizi. Walishukuru kwa "natotela" walipomaliza, wakaweka vikombe mezani bila kuvibamiza, na wengine walimsaidia kuokota maharage yaliyomwagika walipogonga ungo kwa bahati mbaya. Vumbi la malori liliingia nao. Jioni Tabita alifagia, na mlango ulikaa wazi ukimtazama.

Angeweza kuzoea vumbi. Lakini mwisho wa mwezi leseni yake ya biashara ilikuwa inakwisha, na leseni mpya haitolewi bila cheti kinachoonyesha kwamba mtu yuko safi kwenye kodi, na cheti hicho kilikuwa ndani ya akaunti asiyoweza kuifungua. Bila leseni, kizimba chake sokoni kingepewa mwingine. Hilo lilikuwa moja. Jingine lilikuja siku katoni ilipopasuka pale sebuleni, ikamwaga mirija ya mkorogo, ile krimu ya kubabua ngozi iliyopigwa marufuku, chini ya kochi na chini ya picha ya Emanueli. Ubavuni mwa katoni kulikuwa na jina lake, limepigwa chapa, herufi zimenyooka. Jumapili iliyofuata akiwa kanisani, yeye mzee wa kanisa, anapitisha kikapu cha sadaka, alimsikia binti mmoja akimwuliza mwenzake kama huyo ndiye Tabita wa mkorogo. Hilo lilimuuma kuliko jenereta zote. Alikipitisha kikapu mpaka benchi la mwisho, uso umekaza, na usiku hakula.

Jumatatu alikwenda kwa Sebastian. Sebastian alisimama, akatoa shikamoo, akafuta kiti kwa kiganja. Tabita akasema anaitaka akaunti yake. Sebastian akashangaa kidogo kwa heshima, akasema akaunti ni ya mama, nani amemnyima? Namba ya simu ndiyo iliyokuwa yake yeye, na mtu hawezi kujipokonya mwenyewe. Lakini kulikuwa na lile swali. Mama angelijibu tu, akabadilisha namba, mambo yakaisha. Akamgeuzia kioo cha kompyuta. Swali lilikuwa pale, na chini yake mstari mtupu unaopepesa.

"Andika tu, mama," akasema. "Kama ni kutaja, taja. Mimi naziba masikio."

Na kweli aliziba masikio, kidole huku na kidole huku, akitabasamu vizuri. Kwenye benchi la ukutani walikuwa wamekaa wanawake wengine, wa Mbozi na wa Ileje, mikoba mapajani, kila mmoja akitazama miguu yake. Tabita akawatazama mmoja mmoja, na akaelewa kwamba wote walichaguliwa swali moja. Uungwana ni vitendo, na Sebastian alikuwa na kitendo kimoja, alichokirudia kwa kila mke wa watu aliyeingia mlangoni. Tabita akasimama, akaaga kwa sauti ya kawaida, akaondoka.

Kwenye ofisi ya kodi alihudumiwa na dada mmoja aliyeitwa Witness, mgeni wa mkoa, mwenye macho ya upole na koti la sweta kwa ajili ya baridi ya asubuhi. Witness alitazama kitambulisho, akamtazama Tabita, akaridhika kwamba ni yeye. Habari ya mlango aliisikiliza mpaka mwisho. Akasema wiki iliyopita alikuja mama mwingine ambaye pikipiki zilikuwa zinapita chumbani kwake, na kwamba za chumbani ni mbaya zaidi. Kisha akamweleza. Kwa kuwa simu iliyosajiliwa si yake, njia iliyobaki ni swali. Jibu asimwambie mtu, hata yeye Witness. Na asimpe mtu amwandikie, hata mwanawe wa kuzaa, kwa sababu mtu akikuandikia leo, kesho utamkuta ndani. Akamsogezea kibodi, akageuza kiti chake, akatazama ukuta.

Tabita akanyoosha kidole. Kidole kikafika juu ya herufi, kikasimama, kama mbuzi aliyefikishwa mtoni. Akakirudisha, akakinyoosha tena. Witness alisikiliza kwa muda mrefu bila kusikia kibonyezo hata kimoja, akauliza, uso bado ukutani, kama mama amelisahau.

"Sijalisahau," akasema Tabita. "Nalijua kuliko la kwangu."

Witness hakumsukuma. Yule mama wa pikipiki, alisema, alikaa kwenye kiti hicho mpaka mlinzi akaja na funguo. Basi hali ikawa hivyo: sheria ya ofisi ilisema aandike yeye na si mwingine, na sheria ya Ibaba ilisema aandike yeyote asiye yeye. Zote mbili zilikuwa sheria nzuri.

Jirani yake Imelda, ambaye mlango wake pia haukufungika lakini alipitishiwa vitu vidogo kama trei za mayai na sabuni, alimwambia jioni hiyo kwamba mashine si mtu. Haina masikio, haina ukoo. Mtu anafumba macho, anabonyeza, anafumbua, yamekwisha. Tabita akamwuliza mbona yeye hajafumba macho akabonyeza. Imelda akacheka mpaka akashika ubavu. Alisema ushauri huo ulikuwa wa Tabita, hakusema ni wa kwake.

"Hakuna atakayejua," akasema baadaye, bila kucheka.

"Nitajua mimi," akasema Tabita. "Nikilitaja pasipo na mtu, basi miaka yote hii nilikuwa nawaogopa watu. Sikuwa namheshimu yeye."

Osea alikuja siku hizo na maharage ya kutoka Ibaba. Alikaa, akanywa chai pamoja na wabebaji waliokuwa wakipitisha matairi, akaona yote, akauliza machache. Hakutumwa ujumbe wowote. Lakini shemeji ni shemeji, na mdomo wake ulirudi naye nyumbani.

Alhamisi mchana baba mkwe akashuka kwenye basi stendi ya Tunduma, akajishika kiuno kunyoosha mgongo, akageuka, akaanza kutembea kinyumenyume. Hakujua ni kona gani angeweza kukutana na mke wa mwanawe, na hakutaka kumtia aibu barabarani. Osea alikuwa pembeni yake akimwambia pale pana shimo, pale pana mtaro. Bodaboda walimpisha. Madereva waliolala foleni ya mpakani walimsalimu alipokwisha kuwapita, kwa sababu hapo ndipo uso wake ulipofikia, na wengi waliona kwamba ni namna nzuri ya kusalimiana, maana mtu haondoki bila kuonana nawe. Alifika nyumbani kwa Tabita akitanguliza kisogo. Osea akamwekea kigoda kizingitini, naye akakaa mlangoni akitazama barabara, mgongo ndani, uso nje.

Tabita alikuwa amekaa mkekani nyuma ya pazia la chumba, kanga kichwani. Umbali haukuwa mkubwa, na kila mmoja alisikia pumzi ya mwenzake, lakini mazungumzo yalipitia kwa Osea kama inavyotakiwa. Mzee akasema amesikia habari za mlango. Osea akageuka, akasema baba amesikia habari za mlango. Tabita akasema mlango ni jambo dogo na baba asingejisumbua miguu. Osea akageuka tena. Wakaja wabebaji na friji, wakaomba njia. Mzee akasogeza magoti, akawauliza friji ni la nani, wakamjibu la bamayo wa humu ndani. Akatikisa kichwa, akawaambia waangalie pazia. Akangoja mpaka friji likatokea mlango wa nyuma.

"Nina wakwe wanne," akasema mwishowe. "Watatu wananitaja. Nawasikia, maana wananitaja wakiwa na hasira. Huyu hakunitaja hata siku mwanangu alipolala kwenye ubao na wenye kalamu wakimngoja. Jina langu limekaa kwake salama kuliko lilivyokaa kwangu mwenyewe."

Osea aligeuka ayapeleke maneno hayo ndani, akaona yameshafika. Nyuma ya pazia Tabita alikuwa ameinamisha kichwa, na machozi yalikuwa yakidondokea mikononi, na moyo umemjaa fahari.

Mzee akavua kofia, akaiweka gotini. Kisha akalivua jina. Hakuhangaika nalo sana, alilitoa kama mtu anavyotoa koti lililomzoea, bega la kushoto kwanza, akalikung'uta vumbi la safari, akaliweka kizingitini. Lilikuwa kubwa kuliko ngumi, rangi ya ganda la kahawa iliyokauka. Upande mmoja lilikuwa limelika mpaka likang'aa kama mpini wa jembe, na huo ndio upande aliokuwa akiitwa na mama yake.

"Mwambie sasa si la mtu," akamwambia Osea. "Ni neno tu, kama chumvi, kama kuni. Neno halina mkwe."

Osea akauliza wao sasa watamwitaje. Mzee akasema Ibaba wote wanamwita babu, hata wenye meno machache kuliko yeye, na Mungu anamjua kwa sauti. Akanywa chai iliyoletwa na Osea, akaisifu tangawizi, akainuka. Kurudi hakukuwa na shida, maana mgongo ulikuwa umeshaelekea nyumba, kwa hiyo alitembea mbele kama watu wengine. Tabita akatoka nyuma ya pazia, akasimama kizingitini juu ya lile jina, akamtazama. Tangu aolewe hakuwahi kumtazama mtu huyo. Uso ndio uliokatazwa, mgongo haukatazwi. Ulikuwa mgongo mpana, umepinda kidogo kulia kama wa Emanueli, na Tabita aliutazama mpaka ukapotea nyuma ya malori.

Kesho yake alilifunga jina kwenye pindo la kitenge, akaenda nalo ofisini, akaliweka mezani kando ya kibodi. Witness akaliona, akaonyesha tu kwamba lisikae karibu na chai, akageuka ukutani bila kuambiwa. Safari hii kidole hakikusimama. Tabita aliandika herufi moja baada ya nyingine, kwa kidole kimoja, polepole, akihema kama anayepanda mlima wa kwao. Alikuwa akiliandika kwa mara ya kwanza maishani, na aliona kwamba lilikuwa jina zuri.

Akaunti ikafunguka. Mle ndani yalikuwemo magodoro, jenereta, matairi, friji na mkorogo, kwa safu, na jina la Tabita mbele ya kila safu. Witness alisema hayo yeye hawezi kuyafuta. Angemsaidia kuandika pingamizi, nalo lingekwenda kwa wakubwa, na majibu yangekuja yatakapokuja. Kuhusu Sebastian, alisema, tatizo ni kwamba kila mama alimpa mwenyewe, kwa hiari yake, tena kwa kumshukuru. Tabita akakubali kwamba alimshukuru. Wakabadilisha namba ya simu, na kile kisimu chake cha vitufe kikalia ndani ya blauzi, kikileta namba fupi ya kuthibitisha. Akaisoma mwenyewe, akaiingiza mwenyewe. Akatunga nywila mpya. Halafu akafuta swali la Sebastian, akaweka la kwake, ambalo jibu lake halijui mtu yeyote, wala hadithi hii hailijui.

"Usimpe mtu, mama," akasema Witness, bado ametazama ukuta. "Hata mimi."

"Mwanangu," akasema Tabita, "kama ni kunyamaza, hapo umefika kwa fundi."

Alirudi nyumbani na cheti chake, alichopewa kwa sharti kwamba pingamizi linangoja majibu, akausukuma mlango kwa ncha ya kidole. Mlango ukaenda, ukagusa fremu, ukajifunga kwa sauti ndogo ya mbao nzuri. Tabita akakaa kwenye kochi akiusikiliza. Muda si mrefu miguu ikaja nje, na kitu kizito kikawekwa chini. "Odini, bamayo," ikasema sauti anayoijua.

"Nani?" akauliza Tabita. Hakuwa ameuliza hivyo tangu mwaka juzi.

Nje wakashauriana. Kisha yule wa mbele akasema samahani, bamayo, wamekosea nyumba. Akaongeza, kwa masikitiko ya kweli, kwamba wataikumbuka chai. Wakajitwisha mzigo wao, wakaenda mlango wa pili, kwa Imelda.

Leseni mpya ilitoka, na Tabita akaitundika kwenye kizimba chake, juu ya magunia yenye uzi mwekundu, mahali ambapo hata mtu mfupi anaweza kuisoma. Pingamizi lake lilikwenda lilikokwenda. Sebastian alihamia chumba kikubwa zaidi chenye mlango wa kioo, akaweka viti vya mgongo badala ya benchi, na ukipita utamkuta anasimama kumtolea mama wa mtu shikamoo. Huko Ibaba, mzee wa kanisa anaposoma majina ya wanaokuja mezani kwa Bwana, akifika mahali fulani katikati hunyamaza kidogo, na kutoka benchi la nyuma sauti ya mtu mmoja husema, "Nipo." Kisha anaendelea na jina linalofuata.

Jina lenyewe liko kwa Tabita, sandukuni, chini ya kitenge cha harusi. Siku moja sokoni mwanamke mmoja alimwambia kwamba kwa kuwa limekuwa neno tu, si alitaje basi, walisikie. Tabita akaendelea kushona gunia.

Imelda hakupata bahati hiyo. Baba mkwe wake alikufa zamani na kuzikwa na jina lake, na jina lililokwisha kufukiwa halivuliwi. Lakini hajaliandika wala halitamki, na mtaa mzima unamheshimu kwa hilo, naye anajua hivyo. Magodoro sasa yanapita kwake, na friji, na jenereta. Jioni Tabita anafunga mlango wake, anafunga ufunguo kwenye pindo la kitenge, anachukua kigoda na tangawizi na kwenda kukaa kwa Imelda, kwa sababu mlango ulio wazi hauachiwi mtu mmoja. Wanakaa wawili, huyu kulia na huyu kushoto, ungo katikati, wanachambua. Hodi ikipigwa wanavuta miguu, wanaitikia karibuni kwa pamoja, na Imelda anamimina chai.